Kamusi ya Kumsemea Mama

Watu wakiniuliza kwa nini nafundisha Kiingereza bure kila Jumamosi, huwa nawapa jibu la kanisani, kwamba ni huduma. Jibu la kweli ni kwamba niliombwa siku nimechoka, nikashindwa kukataa, na baada ya hapo nikaona haya kujitoa. Mimi ni nesi katika nyumba ya kutunzia wazee hapa Lewisville, Texas. Kufikia Jumamosi alasiri miguu huwa imenivimba hadi navua viatu garini na kuendesha na soksi. Kutoka hapo hadi Mesquite ni kuizunguka Dallas nzima, magari yamebanana mbele na nyuma, na mwisho wa safari nakuta chumba nyuma ya jiko la kanisa, viti vya plastiki, na kiyoyozi ambacho ama kinatugandisha ama kimezimika kabisa.

Dada yangu anaishi Katy, kule nje ya Houston, katika nyumba mpya yenye gereji kubwa, na amejipa kazi ya kunipigia simu nikiwa barabarani.

"Uko wapi saa hii?"

"Naenda Mesquite."

"Wee! Umetoka shift, una-drive hadi Mesquite, uende u-teach watu bure? Si ulale tu kama watu wengine. Ama umeandikwa kazi na malaika?"

Alikuwa anasema kweli. Usingizi ndio kitu nilichokitamani kuliko vyote. Nilikuwa nikimwambia mtandao unakatika, nakata simu, naendelea na safari.

Wanafunzi wangu karibu wote ni Wakongo wa mashariki, watu waliokaa kambini miaka mingi kabla ya kuletwa Texas. Wanapakia na kupakua mizigo katika maghala ya Mesquite. Mimi ni Mkenya. Kiswahili changu na chao ni kama ndugu waliolelewa na mashangazi tofauti: tunasikilizana, lakini kila mmoja anaona mwenzake anakiharibu. Wananiita Mwalimu, nami najisikia mtu wa maana kwa dakika chache, kisha mtu ananiuliza swali nagundua nilikuwa nimesinzia nimesimama.

Shida yetu ya kwanza ilikuwa simu. Ghalani simu haziruhusiwi. Unaiacha kwenye kabati mlangoni na kuingia mikono mitupu. Kwa hiyo maneno yote waliyokutana nayo kazini, kwenye maboksi, kwenye mabango ya onyo, kinywani mwa msimamizi, yalikuwa yameshapotea kabla ya kunifikia. Na darasani simu ilikuwa balaa la namna nyingine. Mtu anaifungua kutafuta neno moja, ukigeuka unamkuta anatazama video ya harusi ya binamu yake Bujumbura.

Ndipo Mzungu mmoja wa kanisa lile, mwalimu mstaafu, akatuletea boksi la kamusi za elektroniki. Ni vidude vya mkononi, vinafunguka kama pochi ya wanja, vina vitufe vya herufi na kioo kidogo cha kusomea. Unaandika neno la Kiingereza, kinakupa maana yake kwa Kiingereza chepesi, na ukibonyeza kitufe cha spika kinalitamka kwa sauti ya mwanamume mwenye mafua. Hakina intaneti wala kamera. Wanafunzi walivipeleka kwa msimamizi wao, akavigeuza-geuza, akacheka, akasema hiyo si simu, ingieni nayo.

Nikaweka utaratibu. Ukikutana na neno kwenye boksi, liandike kwenye kamusi herufi kwa herufi, lisikilize mpaka sikio lilizoee, kisha Jumamosi niletee mimi nikueleze kwa Kiswahili. Utaratibu ukafanya kazi. Walikuja na maneno ya vitu vya kuvunjika, vya kushika moto, vya kutopangwa juu ya vingine, na waliyatamka vizuri kunishinda mimi, mafua yakiwemo. Nilirudi nyumbani nimechoka vilevile, lakini angalau nilijua nimechoshwa na nini.

Alikuwemo mwanamke mmoja, mjane, mkubwa wangu kidogo kwa umri. Wenzake walimwita kwa jina la kifungua mimba wake. Mimi hapa nitamwita Mama tu. Hakuna aliyeijua kamusi ile kama yeye. Vidole vyake vilikuwa na alama za kazi ngumu, lakini kwenye vile vitufe vidogo vilikuwa vyepesi ajabu, na kila alipomaliza alikifuta kioo kwa ncha ya kitenge. Nilimsifu mbele ya wote. Nilichelewa kuona kwamba hakuwa anaitumia mashine imfundishe kusema. Alikuwa anaitumia iseme.

Siku niliyogundua tulikuwa tunafanya mazoezi ya kujitambulisha. Kila mtu asimame, aseme jina, aseme ametoka wapi. Zamu yake ilipofika, Mama hakusimama. Aliiweka kamusi juu ya meza kwa mikono miwili, akaanza kuandika. Tukangoja. Mashine ikasema neno la kwanza. Akaandika tena, tukangoja, ikasema la pili. Neno kwa neno, ile sauti ya mafua ikatuambia kwamba yeye anatoka Kongo, na darasa likapiga makofi. Ilipofika kwenye jina lake, kamusi haikulijua. Ikampa majina ya mboga mbili tatu achague. Mama akaniangalia kana kwamba mboga zile nimezitia mimi.

Nilicheka mpaka nikashika meza. Kisha nikamwambia aiweke pembeni atumie mdomo wake. Akaifunga, akaweka mikono mapajani, akainamisha macho, akatabasamu. Basi. Nikabembeleza, nikatania, nikakaza sauti. Hakutoa hata neno la salamu. Nilishaona wanafunzi wakaidi, na huyu hakuwa mkaidi. Alikuwa anaona haya kwa niaba yangu, kwamba mtu mzima naweza kumlazimisha mtu mzima kufanya jambo kama lile mbele za watu.

Aliyeniokoa ni mzee mmoja wa darasa hilo hilo. Huko kwao alikuwa mwalimu wa shule ya msingi. Hapa anafunga maboksi, lakini familia za Kikongo za mji huu zikiwa na harusi humwita yeye awe msemaji, na hilo hachoki kukukumbusha.

"Mwalimu, usimukasirikie," akasema. "Kwetu, siku ya dot, bibi arusi hasemake. Hata baba yake hasemake. Tunaweka porte-parole, musemaji. Mutu wa heshima, maneno yake kubwa inapitia ku kinywa ya mwingine."

"Lakini hapa hatulipi mahari, mzee. Tunajifunza Kiingereza."

"Kwake ni mambo kubwa, Mwalimu. Kukuzidi wewe."

Nilikaa kwenye kiti. Hata kwetu ni hivyo hivyo. Siku ya mahari yangu mwenyewe nilifungiwa chumbani na binamu zangu tukila maandazi, wajomba wakizungumza sebuleni, na nilipotolewa nje nilichotakiwa kusema ni kwamba ndiyo, nawajua wageni hawa. Msemaji alinisifu kwa mambo ambayo hata mama yangu hakuyafahamu. Mimi nilikuwa nimenyamaza kwa adabu, na kunyamaza kwangu kulihesabiwa malezi mema. Haya yote nilikuwa nayajua tangu utoto, ila sikuwahi kufikiria kwamba kidude cha plastiki kinaweza kupewa kazi ya mjomba.

Na mzee alisema kweli kwamba yalikuwa mambo makubwa. Mama alikuwa ameomba uraia, na usaili unafanywa kwa Kiingereza: unaulizwa habari zako, unasoma sentensi, unaandika sentensi, unajibu maswali kuhusu serikali ya nchi hii. Majibu yote aliyajua. Shida ni kuyasema. Na uraia hakuutaka kwa ajili ya kupiga kura wala pasipoti. Mama yake mzazi alikuwa bado kambini Tanzania, mwanamke mkongwe ambaye macho yake yamebaki kuona mwanga tu. Siku ya kuondoka faili zao hazikuwa pamoja, basi likaja, binti akapanda na watoto wake, mama akabaki amesimama na jirani. Bila uraia, Mama hana njia ya kumwombea mzazi wake aje. Na mzazi hazidi kuwa kijana.

Siku ya usaili ilipofika mimi nilikuwa zamu, kwa hiyo mzee ndiye aliyempeleka. Jumamosi iliyofuata nilipoingia darasani nilijua kabla sijaambiwa, kwa vile watu walivyokuwa wanapanga viti kwa makini.

Ilikuwa hivi. Ofisa alimkaribisha vizuri, akamwapisha, akamwambia aketi. Kabla hajaulizwa lolote, Mama akafungua mkoba, akatoa kamusi, akaiweka juu ya dawati la ofisa kwa mikono miwili, akaisukuma kidogo mbele, akarudi nyuma. Ofisa akatabasamu, akamwomba airudishe mkobani. Hakuwa na ubaya wowote, Mama mwenyewe alisema. Lakini kuanzia hapo kinywa chake kilifungwa. Yule mtu akarudia maswali polepole, akangoja, akarudia tena. Mwishoni akampa karatasi ya kurudi mara nyingine, na mara hiyo ndiyo ya mwisho. Ukishindwa tena unaanza upya kutoka mwanzo wa foleni.

"Haikuwa kudanganya, Mwalimu," Mama akaniambia. "Nilitaka kumuheshimu."

Nilikasirika. Nilikasirikia kamusi, nikamkasirikia yule mstaafu na wema wake, nikajikasirikia na soksi zangu zilizotoboka. Nikamnyang'anya Mama kile kidude nikakitia kwenye gari, nikasema kuanzia leo ni mdomo mtupu. Wiki zikapita. Nilimkalisha mbele yangu kila Jumamosi baada ya wenzake kuondoka, nikamuuliza jina lake, nikamuuliza anaishi wapi, nikamuuliza rais anakaa mji gani. Midomo yake ilicheza bila sauti. Nikimaliza ananishukuru, ananifungia chakula kwenye karatasi ya alumini, nami naendesha kurudi Lewisville nikiwa nimekata tamaa kiasi kwamba sikufungua hata redio. Dada yangu wa Katy alipopiga simu sikupokea. Angesema nilale, na mimi ningelia.

Wazo halikunijia kwa busara yoyote. Lilinijia kazini, nikiwa nimechoka kama kawaida. Tuna mzee mmoja wa kike ambaye kiharusi kilimwondolea usemi. Siku hiyo daktari alikuwa anataka kumpunguzia dawa ya maumivu, na mimi nilikuwa nabishana naye katikati ya ukumbi, kwa sauti, kwa Kiingereza ambacho nikikikumbuka naona aibu. Nilimwambia huyu mama anaumia, mimi ndiye ninayemgeuza kitandani, mimi ndiye ninayeona uso wake. Daktari akaiacha dawa ilivyokuwa. Nilipokuwa nanawa mikono ndipo nikashangaa. Mimi huyu, kwenye mikutano ya wafanyakazi, mwaka hadi mwaka, sijawahi kuinua mkono. Nikitaka likizo naandika meseji. Nikiibiwa saa za kazi nanung'unika kwa Kiswahili ndani ya gari. Kwa ajili yangu mwenyewe sina mdomo hata leo. Kwa ajili ya mtu mwingine, nafoka.

Jumamosi hiyo sikumwambia Mama aketi. Nilimweka yule mzee msemaji wa harusi nyuma ya meza, nikamwambia yeye ndiye ofisa, na akaikunja sura yake kwa furaha isiyo na kiasi. Kisha nikamgeukia Mama.

"Leo hujaitwa wewe," nikamwambia. "Mambo ya leo ni ya mama yako. Wale wa ofisini ni upande wa pili. Nyumba yenu imetafuta msemaji, na msemaji ni wewe."

Alikaza kitenge kiunoni, akakohoa kusafisha koo, akasimama wima katikati ya chumba kama nilivyoona wasemaji wakisimama katika kumbi zote za harusi nilimowahi kula pilau. Na akasema. Kiingereza chake kilikuwa cha vipande, kimeshonwa kwa maneno ya maboksi, lakini kilitoka kwa sauti iliyofika jikoni. Alisema ametumwa na mama yake. Alisema mama yake ni mtu wa heshima. Alisema nyumba yao haina deni na mtu. Mzee alimuuliza maswali yote, ya serikali na ya maisha, naye akayajibu moja baada ya jingine huku akitikisa kidole. Mzee alisahau kuwa yeye ni ofisa, akaanza kupiga makofi. Mimi nililia. Nilisema ni kiyoyozi, na hakuna aliyeniamini.

Siku ya usaili wa pili niliomba ruhusa kazini nikampeleka mwenyewe. Nilikaa kwenye ukumbi wa kusubiria kati ya watu waliovaa suti na watu waliovaa sare za kazi, wote wakitazama mlango uleule. Mama alivaa kitenge cha harusi na kilemba kirefu. Alipoitwa alisimama kwa madaha, akanipa mkoba wake, akaingia mikono mitupu. Niliomba Mungu kwa lugha zote ninazozijua. Katikati ya sala nikasinzia, na nilipozinduka alikuwa amesimama mbele yangu.

"Twende," akasema.

"Imekuwaje?"

"Twende kwanza, Mwalimu."

Alinihadithia tukiwa barabara kuu. Kumbe alipoambiwa aketi hakuketi. Msemaji hasemi amekaa. Ofisa akamwambia tena, tafadhali, akaketi ukingoni mwa kiti. Akaulizwa jina lake. Naye, kwa kuwa msemaji huanza kwa kuitaja nyumba iliyomtuma, akataja jina la mama yake, na la babu yake, na kijiji chao. Ofisa akatazama faili, akamtazama yeye, akatazama faili tena, akauliza kama labda ameita mtu siye. Nusura nigonge lori lililokuwa mbele yetu.

"Ukasema nini?"

"Nikamuambia, huyo ni mama yangu. Mimi niko kinywa yake. Kisha nikamupatia jina yangu, na nikamuambia uliza."

Yule ofisa akauliza. Mama akajibu. Akasoma sentensi, akaandika sentensi, akaeleza bunge lina mabaraza mangapi. Amepita. Kisha akafungua dirisha upepo ukapiga kilemba, akapiga vigelegele mpaka dereva wa gari la pembeni akapunguza mwendo kutuangalia. Nami nikapiga honi. Kwa siku moja hiyo sikuhisi miguu.

Aliapishwa, akapewa bendera ndogo, akaiweka kwenye glasi juu ya televisheni. Wiki iliyofuata akatualika kwake asubuhi, mimi na mzee, tule na tuanze kujaza maombi ya mama yake. Alichagua asubuhi ili kule kambini iwe bado jioni na mama yake awe hajalala. Mezani kulikuwa na sombe ya majani ya muhogo, ugali wa fufu, samaki, na soda za kila rangi. Watoto wake wakubwa walikuwa kazini. Wadogo walikula wakijibizana kwa Kiingereza, wakakimbilia chumbani. Mama akapiga simu ya jirani wa mama yake, akaiweka kwenye spika katikati ya meza, tukasikia kuku, tukasikia jirani akiita, kisha pumzi ya mtu mzee karibu sana na simu.

Mama alimwambia yote. Alimwambia kuhusu ofisa, kuhusu kusimama na kuketi, kuhusu majina aliyoyataja. Alisema kwa fahari, "Mama, nilikusemea. Nilisimama msemaji wako. Sasa tunafanya karatasi, utakuja."

Ile pumzi ya mzee ikasogea karibu zaidi na simu.

"Nani alikutuma?" mama yake akauliza.

Mama akacheka kidogo. "Kunituma wapi?"

"Umesema ulikuwa msemaji yangu. Msemaji anatumwaka. Mimi nilikutuma siku gani? Kuna mutu aliniuliza kama nataka kuja?"

Mzee aliweka kijiko chini. Yeye aliyejua desturi kutuzidi sote hakuwa amelifikiria, wala mimi niliyebuni ile hila. Miezi yote tuliyohangaika na yule mwanamke mkongwe vinywani mwetu, hakuna hata mmoja wetu aliyepiga simu kumuuliza. Uso wa Mama ulibadilika. Midomo yake ikacheza bila sauti kama zamani zile.

"Mimi nasikiaka mambo," sauti ikaendelea, bila hasira. "Wanasema huko muzee wanamuweka nyumba ya wazee. Anaangaliwa na mutu asiyemujua. Watoto wanakujaka Noeli, wanaleta maua, wanaenda. Ni kweli, ao ni uongo?"

Mama akainua macho, akanitazama mimi.

"Mwalimu," akasema polepole, "mujibu wewe. Wewe unafanyaka kazi kule."

Ningekuwa kazini ningekuwa na jibu. Tunafundishwa la kuwaambia ndugu za wagonjwa, maneno laini kuhusu usalama, shughuli za mchana na milo mitatu. Nayasema kila wiki hadi hayanigusi tena. Kwa Kiswahili sikuwa nayo. Nilisogeza kiti karibu na simu. Nilijisikia nimechoka kuliko siku zote nilizowahi kuchoka, na nikaona sina nguvu ya kudanganya mtu.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Wewe nani?"

"Ni mimi ninayemfundisha binti yako. Na ndiyo, nafanya kazi kwenye nyumba hizo. Ni kweli ziko. Yeye hatakupeleka huko, namjua. Lakini sitakuficha. Anatoka hapa alfajiri kwenda ghalani, na watoto wakubwa vilevile, na wadogo wanaenda shule. Huku jirani hagongi mlango. Mchana utakaa ndani ya nyumba hii peke yako, mama, na mlango umefungwa, mpaka jioni warudi."

Mama alifunika uso kwa kiganja. Nilijua nimemharibia. Kule kambini kuku waliendelea kulia, mtoto wa mtu akapita akiimba, na yule mwanamke akavuta pumzi.

"Muchana tu?" akauliza.

"Mchana tu. Jioni wanarudi wote."

"Mimi huku niko peke yangu muchana na usiku," akasema. "Mutoto wangu, uko hapo? Basi sikia. Sasa nimekutuma."